Mnara wa Nola: Sikukuu ya Mji Iliyovuka Atlantiki

Nola ni mji mdogo wa kusini mwa Italia, mashariki ya Napoli, nyuma ya mlima wa volkano wa Vesuvio. Kaizari Augusto alifia hapo mwaka 14 BK, na mwanafalsafa Giordano Bruno alizaliwa hapo mwaka 1548, lakini wenyeji hawauhesabu mji wao kwa hao wawili. Wanauhesabu kwa tarehe 22 Juni, sikukuu ya somo wao, Mtakatifu Paulino, aliyekuwa askofu wao na akafariki siku hiyo mwaka 431. Jumapili iliyo karibu na tarehe hiyo, minara minane ya mbao na karatasi, kila mmoja una kimo cha mita 25, hubebwa mabegani na kuchezeshwa katika vichochoro vya mji mchana kutwa na usiku kucha. Mnara mmoja huitwa giglio, yaani yungiyungi. Ikiwa mingi ni gigli.

Sikukuu hiyohiyo hufanyika pia kila Julai katika mtaa wa Williamsburg, Brooklyn, jijini New York. Imekuwapo huko tangu mwaka 1903. Wahamiaji wa nchi nyingi hubeba dini, lugha na mapishi. Watu wa Nola walibeba siku moja ya mji mmoja, siku ambayo hata jirani yao wa kijiji cha pili hakuwa na haki nayo.

Paulino mwenyewe alikuwa mgeni Nola. Alizaliwa Bordeaux, katika Ufaransa ya leo, yapata mwaka 354, katika ukoo wa maseneta wenye mashamba makubwa, na akiwa kijana aliwahi kuwa gavana wa Campania, mkoa wenye mji wa Nola. Yeye na mkewe Therasia walipata mtoto wa kiume aliyefariki akiwa bado mchanga. Baada ya msiba huo waligawa sehemu kubwa ya mali yao, na mwaka 395 wakahamia Nola kuishi karibu na kaburi la Mtakatifu Felisi. Kila tarehe 14 Januari, siku ya Felisi, Paulino alitunga shairi la kumsifu. Mtu ambaye leo anaadhimishwa kwa minara alianza kwa kuadhimisha sikukuu ya mwenzake, tena katika mji ambao hakuzaliwa.

Minara haitokani na historia hiyo. Inatokana na kisa kilichoandikwa na Papa Gregori Mkuu mwishoni mwa karne ya 6. Kisa kinasema kwamba Wavandali waliivamia Campania, wakachukua mateka, na mjane mmoja akamwendea askofu kuomba fedha za kumkomboa mwanawe. Paulino hakuwa amebakiwa na kitu, akajitoa mwenyewe abadilishwe na kijana yule. Akapelekwa Afrika ya Kaskazini, akawa mtumwa wa mkwe wa mfalme, kazi yake kutunza bustani ya mboga. Siku moja alitabiri kifo cha mfalme, akatambuliwa kuwa askofu, na alipoulizwa anataka zawadi gani aliomba watu wote wa mji wake waachiwe huru. Wakarudi katika merikebu zilizojaa nafaka. Masimulizi ya mjini yakaongezea kwamba watu waliwapokea ufukweni wakiwa na maua ya yungiyungi mikononi, na maua hayo ndiyo yaliyokua karne kwa karne mpaka yakawa minara.

Tarehe za kisa hicho hazikubaliani. Wavandali walivuka kutoka Hispania kwenda Afrika mwaka 429, wakaiteka Karthago mwaka 439, na kuivamia Roma mwaka 455, wakati Paulino alikuwa kaburini miaka 24. Anayejulikana kuwa aliuvamia mji wa Nola katika uhai wa Paulino ni Alariki na Wavisigothi, mwaka 410, na Mtakatifu Augustino, aliyeandikiana barua na Paulino, anataja kwamba askofu huyo alishikwa na washambuliaji. Huenda msiba wa kweli wa 410 ulivishwa baadaye nguo za Wavandali. Wenyeji nao wakazidi kuuvisha. Katika sikukuu, pamoja na minara minane hubebwa mashua yenye sanamu ya mtakatifu, na ndani yake huwamo Mturuki mwenye kilemba. Waturuki hawakufika pwani ya Afrika ya Kaskazini mpaka miaka zaidi ya elfu moja baada ya Paulino. Lakini katika karne ya 16 na ya 17 maharamia wa pwani hizo waliteka watu wengi wa kusini mwa Italia na kuwauza utumwani, na hofu iliyo karibu ndiyo iliyoikopesha sura hofu ya zamani. Kisa hicho kilivuka Atlantiki pamoja na kilemba chake: Brooklyn husimuliwa kwamba ni Sultani wa Kituruki aliyeguswa na moyo wa Paulino akamwachilia.

Maelezo ya kale ya sikukuu yenyewe ni ya Ambrogio Leone, msomi wa Nola, katika kitabu alichokichapisha Venezia mwaka 1514 kuhusu mji wake. Kwake hakuna minara. Kuna mishumaa mikubwa iliyobebwa na vyama vya mafundi katika maandamano. Mshumaa ukapambwa, ukawekewa kiunzi, kiunzi kikarefushwa, fundi wa chama hiki akataka kumzidi fundi wa chama kile, na ladha ya karne zilizofuata, iliyopenda mapambo mengi, ikamalizia kazi. Mpaka leo kila mnara unabeba jina la kazi moja na hupangwa kwa mfuatano usiobadilika: mkulima wa mboga, muuza jibini na nyama za kukausha, mwenye kilabu cha mvinyo, mwoka mikate, mwenye bucha, mshona viatu, mhunzi na mshona nguo. Mashua huingia katikati ya mfuatano huo.

Kiunzi ni cha mbao, na uso wake ni wa karatasi zilizolowekwa gundi, zikakandwa na kupakwa rangi mpaka zikafanana na mawe yaliyochongwa. Chini hupitishwa mapao, na chini ya mapao huingia watu zaidi ya 100. Kundi lao huitwa paranza, neno la wavuvi ambalo ni jina la mashua zinazovuta wavu pamoja, na kiongozi wao ni capoparanza. Juu ya kitako cha mnara hukaa bendi nzima na mwimbaji, ambao nao ni sehemu ya mzigo. Mbebaji huitwa cullatore, kutokana na kitenzi cha kubembeleza mtoto alale, kwa kuwa mnara hauendi kwa hatua za kawaida. Huyumbishwa kwa mdundo wa muziki, huzungushwa kwenye pembe za vichochoro vilivyo vyembamba kuliko inavyofaa, na hushushwa kwa pamoja kiongozi akitoa amri. Wabebaji wa miaka mingi huota sugu begani yenye ukubwa wa kiazi, na hawaifichi.

Ili kuelewa kwa nini jambo zito kiasi hicho lilisafirishwa, inafaa kukumbuka kwamba Italia kama dola moja ilianza mwaka 1861. Watu walioondoka kusini miaka ishirini baadaye walikuwa Waitalia kwenye hati za safari tu. Lugha yao ilikuwa ya mkoa, na uaminifu wao ulikuwa kwa mnara wa kengele ya kanisa lao. Waitalia wana neno la uaminifu huo, campanilismo, linalotokana na neno la mnara wa kengele. Kati ya 1880 na 1924 Waitalia wapatao milioni nne waliingia Marekani, wengi wao kutoka kusini, na New York walijigawa kwa miji walikotoka. Katika kisiwa cha Manhattan, barabara ya Mulberry ilikuwa ya watu wa Napoli na ya Elizabeth ilikuwa ya Wasisilia. Waliotoka sehemu moja waliunda vyama vya kusaidiana, ambavyo mtu wa Afrika Mashariki angevitambua mara moja kuwa ni vyama vya kufa na kuzikana: mchango wa kila mwezi, matibabu, jeneza, na bendi ya kumsindikiza marehemu. Chama kilichukua jina la somo wa mji, na chama chenye somo hakikosi sikukuu.

Mfano wa mapema ni wa watu wa Polla, mji mdogo wa mkoa wa Salerno. Mwaka 1881, katika East Harlem, walianza kuadhimisha siku ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli, 16 Julai, kama kwao. Mwanzo wake ulikuwa uani kwa nyumba ya kupanga, na picha ndogo ya karatasi. Baada ya muda ilikuja sanamu kutoka Italia, na kanisa likajengwa barabara ya 115. Lakini mapadre wa jiji, ambao wengi walikuwa Waayalandi, waliona haya kwa maandamano, matarumbeta na wanawake waliotembea pekupeku, na kwa miongo kadhaa Waitalia walisalia katika ukumbi wa chini ya kanisa walilosaidia kulijenga kwa mikono yao. Kisa hicho kilirudiwa katika parokia nyingi. Kwa sababu hiyo sikukuu za miji ziliendeshwa zaidi na vyama kuliko na makanisa, na mahali pake palikuwa barabarani.

Wanola walikaa upande wa kaskazini wa Williamsburg, karibu na viwanda na bandari ya East River. Mwaka 1903 walisimamisha giglio lao la kwanza. Kutoka minara minane walibaki na mmoja. Hawakuwa na vyama vinane vya kazi. Mshona viatu na mkulima wa mboga wa Nola walikuwa sasa vibarua wa kiwanda kimoja, na ule ushindani wa mafundi uliozaa minara ukakosa mtu wa kushindana naye. Mashua ilibaki, na Mturuki wake. Badala ya minara minane kufuatana, Brooklyn ilipata mchezo wake: mnara huanzia upande mmoja wa barabara na mashua upande mwingine, kila kimoja na bendi yake na wabebaji wake, mpaka vikutane katikati. Huko nyumbani mnara mmoja huandamwa na mwingine. Hapa mtakatifu aliye juu ya mnara hukutana na yeye mwenyewe akirudi kutoka Afrika.

Tarehe nayo ilihama. Parokia ya Wanola, iliyoanzishwa mwaka 1887, ilikuwa ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli, ambaye sikukuu yake ni ya Julai. Kwa muda mrefu chama cha Paulino kilifanya yake mwezi Juni na parokia yake mwezi Julai, na uhusiano wa pande hizo mbili haukuwa mtamu sikuzote, kwa kuwa fedha zilizokusanywa barabarani ziliingia mkoba wa chama. Katika miaka ya 1950 sikukuu mbili ziliunganishwa chini ya parokia. Tangu hapo Mtakatifu Paulino wa Brooklyn huadhimishwa wiki kadhaa baada ya siku aliyofariki, katika joto kali la Julai, na sherehe huchukua siku kumi na zaidi. Mapatano hayo yaliiokoa sikukuu: chama cha wazee kinaweza kufa pamoja na wazee wake, lakini parokia ina jengo, hesabu na kalenda.

Sikukuu ya Napoli ilishika njia nyingine, na inafaa kuwekwa kando ya hii. Somo wa Napoli ni Mtakatifu Januari, San Gennaro, aliyeuawa wakati wa Kaizari Diokletiano, yapata mwaka 305. Damu inayoaminiwa kuwa yake imehifadhiwa katika chupa, na taarifa ya kuyeyuka kwake mbele ya watu imeandikwa tangu 1389. Uhusiano wa Napoli na mtakatifu huyo una ladha ya biashara: mwaka 1527, katikati ya tauni na vita, wawakilishi wa mji walifunga naye mkataba mbele ya mwandishi wa hati, yeye awalinde, wao wamjengee kikanisa. Mwaka 1799 damu iliyeyuka wakati jeshi la Ufaransa likiwa mjini, na wafuasi wa mfalme walipoukomboa mji walimvua Mtakatifu Januari cheo chake na kumkabidhi Mtakatifu Antoni, kwa kosa la kushirikiana na adui. Baada ya miaka kadhaa alisamehewa.

Huko barabara ya Mulberry, wahamiaji wa Napoli waliianza sikukuu yake ya 19 Septemba mwaka 1926. Miaka miwili kabla yake, sheria ya uhamiaji ya 1924 ilikuwa imeshusha idadi ya Waitalia walioruhusiwa kuingia Marekani kuwa 3,845 kwa mwaka. Mlango ulikuwa umefungwa. Walioko ndani ndio waliobaki kuwa watu wa Napoli wa New York, na hawangeongezeka. Sherehe ilikuwa ya siku moja, ikarefuka mpaka siku 11. Mtu hubandika noti za dola kwenye riboni za sanamu, hula soseji zenye pilipili hoho na zeppole, vidonge vya unga vilivyokaangwa na kunyunyizwa sukari, ambavyo ni ndugu wa kaimati. Martin Scorsese, aliyekulia mtaa huo, aliiweka sikukuu hiyo katika filamu yake Mean Streets ya mwaka 1973. Katika miaka ya 1990 waendesha mashtaka walidai kwamba kodi za vibanda zilikuwa mikononi mwa mafia, na serikali ya jiji ikalazimisha uendeshaji mpya.

Kilichoshangaza zaidi ni hesabu ya watu. Mwaka 1950, karibu nusu ya wakazi zaidi ya 10,000 wa kiini cha Little Italy, mtaa wa barabara hiyo ya Mulberry, walijitambulisha kuwa wa asili ya Italia, na mmoja kati ya watano alikuwa mzaliwa wa Italia. Takwimu zilizotolewa mwaka 2010 ziliwapa asilimia 5 tu, na hazikumpata mkazi hata mmoja aliyezaliwa Italia. Sikukuu iliendelea bila mtaa wake. Iliweza kufanya hivyo kwa sababu ilikuwa imekwisha kuwa soko, na soko halidai muuzaji wala mnunuzi awe mtu wa Napoli. Hakuna haja ya kuidharau kwa hilo, maelfu huifurahia. Lakini mtu akitaka kujua Napoli ilivyokuwa, pale Mulberry atajifunza zaidi kuhusu soseji.

Williamsburg ilipata pigo lake mapema zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 barabara kuu ya juu inayounganisha Brooklyn na Queens ilipasua katikati ya mtaa, nyumba nyingi zikabomolewa, na kanisa la zamani la parokia likaondoka nazo. Jipya lilijengwa barabara ya Havemeyer, ambako ndiko mnara husimamishwa hadi leo. Watoto wa wahamiaji walipopata kipato walihamia Long Island, Staten Island na New Jersey. Mwaka 2005 jiji lilibadilisha matumizi ya ardhi ya pwani ya Williamsburg, majumba marefu ya vioo yakaota mahali pa viwanda, na kodi ikapanda kupita uwezo wa wajukuu wa vibarua waliowahi kufanya kazi humo.

Walichokuwa nacho Wanola, ambacho wenzao wa Mulberry hawakuwa nacho, ni uzito. Mnara wa Brooklyn ni mfupi kidogo kuliko wa nyumbani, kiunzi chake siku hizi ni cha metali, lakini pamoja na bendi unakaribia tani nne. Hauwezi kuinuliwa na wapita njia, wala watu wa kukodi. Watu 120 hivi lazima wasimame kwa kulingana vimo, kila mmoja mahali pake chini ya pao, wainue kwa amri moja na kutua kwa amri moja. Akikosea mmoja, bega la jirani ndilo linaloumia. Ujuzi huo haupatikani katika kitabu. Mvulana huanza nafasi ya pembeni, karibu na baba au mjomba, akajongea ndani mwaka baada ya mwaka. Akidumu hupewa kundi dogo la kusimamia, na baada ya miongo, akiwa na bahati, hushika fimbo ya capo, ambaye huelekeza mnara wote kwa fimbo hiyo na sauti. Capo mkuu wa mwaka huo hufuatwa nyumbani kwake na bendi na wabebaji, wakaandamana naye hadi mnarani. Kazi hiyo imebaki ya wanaume hadi sasa. Wanawake wamekuwa wakishika jiko, hesabu na maandalizi ya parokia, sehemu isiyopigwa picha sana.

Kwa hiyo waliohama hawakuweza kuiacha sikukuu waiangalie kwa mbali. Wanarudi. Mtu mwenye nyumba New Jersey huchukua likizo ya Julai, akavuka mito miwili, na kuegesha gari katika barabara ambako hakuzaliwa tena mtu wa ukoo wake kwa miaka arobaini. Hapo hukutana na wabebaji wenye majina ya Nola ambao hawajawahi kufika Italia. Kwao, mji wa kukumbukwa ni Williamsburg. Babu alisherehekea Nola akiwa Brooklyn. Mjukuu anaisherehekea Brooklyn akiwa anaishi kwingine, kwa mnara uleule. Wapo wanaosafiri pia hadi Nola yenyewe mwezi Juni, na mwaka 2013 UNESCO iliyaingiza maandamano ya Nola, pamoja na yale ya Viterbo, Sassari na Palmi, katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika.

Harlem mambo yaligeuka kwa namna nyingine kabisa. Waitalia walipotawanyika, siku ya 16 Julai ilipata waumini wapya, Wahaiti, ambao kwao Bikira wa Mlima Karmeli ana hija yake kubwa katika maporomoko ya maji ya Saut d'Eau. Maombi sasa husikika kwa Kikrioli cha Haiti, na sanamu iliyoletwa kutoka Italia katika karne ya 19 inatimiza kazi ya mji ambao watu wa Polla hawakuwahi kuusikia. Wahamiaji wa Brusciano, jirani wa Nola, nao walikuwa na giglio lao katika mtaa huohuo wa Harlem. Likakoma kwa miaka mingi, kisha likafufuliwa na wajukuu.

Brooklyn, mwaka 2020 mnara haukuinuliwa kwa sababu ya janga la korona, kisha ukarejea. Katika ratiba ya sherehe kuna siku ya watoto. Hutolewa mnara mdogo wa kimo chao, wenye mapao membamba, na chini yake huingia wavulana waliovaa kofia na vitambaa shingoni kama baba zao, wakiongozwa na capo wa rika lao mwenye fimbo iliyopunguzwa. Baba zao hutembea pembeni, mikono tayari, bila kugusa.